Skrini ya Godauni Imechorwa na Mtu Ambaye Hajawahi Kubeba Katoni

Wasee, leo nina jambo moja tu na nitalisema mapema ndio mwenye atakasirika akasirike mapema. Makosa mengi ya oda kwenye magodauni yetu si ya wale vijana na akina mama wanaopiki. Ni ya skrini wanayopewa washike. Na mpaka hiyo skrini ichorwe upya, kukata mtu mshahara kwa sababu oda imeharibika ni dhuluma, hata kama imechapishwa vizuri na ina stampu ya ofisi.

Najua mkisikia neno dizaini wengi wenu mnafikiria logo, viatu, ama poster ya event. Wengine mnafikiria app ya kununua vitu. Hiyo app ya mnunuzi imepigwa pasi, manze. Ina picha safi, ina kitufe kikubwa, na ukiacha kitu kwa kikapu bila kulipa inakutumia ujumbe kama mpenzi aliyeachwa. Kila kitu kimefanywa rahisi ili pesa itoke mfukoni haraka.

Lakini ukishabonyeza hicho kitufe, kuna mtu mahali fulani anapokea oda yako kwenye kifaa kingine. Huyo mtu amesimama kati ya rafu mbili ndefu, ana gloves, ana troli inayovuta upande mmoja, na mkononi ana skana yenye skrini ndogo kama ya simu ya mulika mwizi. Yeye hajafanyiwa kitu rahisi. Yeye amepewa msimbo, namba na saa inayohesabu kurudi nyuma.

Huyo ndiye ninayemwongelea leo.

Ni kazi ya kwetu

Ukikaa Kitengela hii si story ya mbali. Simama stage alfajiri kabla jua litoke uone wanaotembea. Wengine wanaenda Athi River, kule EPZ ambayo sheria yake ilipitishwa 1990 na ambayo imelisha nyumba nyingi za huku. Wengine wanapanda 110 waende Mlolongo na Mombasa Road, ambako godauni zimepangana kama vibanda vya soko. Wengine wanashuka upande wa Isinya. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.1 Kajiado nzima, na Kitengela peke yake zaidi ya 150,000. Huo umati wote hauuzi nyumba na ploti, hata kama mabango ya barabara ya Namanga yanataka uamini hivyo. Wengi wanabeba, wanapanga, wanapakia na wanapiki.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imekwama, na kabla hii content ianze kunilipia hata bando nilifanya kazi ya kupiki oda kwa miezi minane. Sitataja ilikuwa wapi. Nimeongea na wasee wa sehemu zingine tatu tangu hapo na wote walicheka nilipoeleza hiyo skrini, kwa sababu waliona yao. Kwa hivyo shida haina jina la kampuni moja.

Kazi yenyewe inaendaje

Kwa wale hawajawahi, nieleze kidogo. Oda ikiingia, sistemu inaivunja kwa mistari. Kila mstari una vitu vitatu: bidhaa, idadi na mahali. Mahali panaandikwa kama anwani, kwa mfano C-14-03-B. Hiyo ni njia C, rafu ya kumi na nne, orofa ya tatu, upande wa B. Unaenda pale, unaskani rafu, unachukua kitu, unaandika idadi, unabonyeza kuthibitisha, unaenda kwa mstari unaofuata. Rudia mpaka miguu iombe msamaha.

Watu wanaosomea mambo ya maghala wamesema kwa miaka mingi kwamba karibu nusu ya muda wa mtu wa kupiki unaisha kwa kutembea. Si kuchukua, si kuhesabu. Kutembea tu. Shikilia hiyo, tutairudia.

Sasa, hii ndiyo skrini tuliyokuwa tunatumia. Nihesabu dhambi zake.

Ya kwanza, majina yamekatwa. Jina la bidhaa linaanza na kampuni, halafu aina, halafu harufu, halafu uzito. Skrini inaonyesha herufi chache za mwanzo halafu inaweka nukta tatu. Kwa hivyo unachokiona ni kile ambacho tayari unakijua, na kile kinachotofautisha pakiti ya gramu 500 na ya kilo moja kimefichwa nyuma ya nukta.

Ya pili, idadi haina kipimo kinachoonekana. Unaona "6" kubwa katikati. Sita ya nini? Kipimo kimeandikwa kwa herufi mbili ndogo kwenye kona, na kona hiyo ndiyo inafunikwa na kidole gumba ukishika kifaa kawaida. Chukua unga. Beli moja ni pakiti 12 za kilo mbili. Pakiti sita ni kilo 12. Beli sita ni kilo 144. Tofauti ya kilo 132 imekaa chini ya kidole chako.

Ya tatu, mistari inakuja vile mnunuzi aliagiza, si vile rafu zimepangwa. Ukianza na sukari njia A, unaenda tishu njia H, unarudi chumvi njia A tena. Kumbuka nusu ya kazi ni kutembea. Halafu jioni unaitwa unaambiwa uko slow.

Ya nne, mlio. Ukiskani sawa, inalia. Ukiskani vibaya, inalia vile vile. Na godauni ina forklift, ina redio, ina mtu anapiga kelele kwenye mlango wa lori. Huo mlio hauna maana yoyote.

Ya tano, lugha. Kosa likitokea unaandikiwa namba ya kosa na sentensi ya Kiingereza ambayo hata mtu wa IT inabidi aitafute. Katiba yetu, Ibara ya 7, inasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini skrini ya mtu anayefanya kazi kwa Kiswahili kutwa nzima haijasikia habari hiyo.

Ya sita, na hii ndiyo inaniuma, hakuna mahali pa kusema ukweli. Ukifika kwenye rafu ukute ni tupu, hakuna kitufe cha "hakuna kitu hapa". Ama kipo, lakini kinafunga oda yote mpaka supervaiza aje na nywila yake. Supervaiza yuko upande mwingine, saa inahesabu. Kwa hivyo watu wanafanya nini? Wanachukua kitu kinachofanana, wanaendelea. Sistemu imewafunza kudanganya, halafu inawashtaki kwa udanganyifu.

"Hii sita ni sita ya nini?"

Kulikuwa na mathe mmoja kwenye zamu yetu. Alikuwa amefanya hiyo kazi kabla sijamaliza primary. Alijua godauni kuliko ramani yake. Ukimuuliza mahali pa viberiti alikuwa ananyoosha mkono bila kugeuka.

Siku moja duka la rejareja liliagiza pakiti sita za unga, likapelekewa beli sita. Oda ilirudi. Asubuhi aliitwa, akaambiwa gharama ya lori kwenda na kurudi itatoka kwake. Alitoa kile kifaa mfukoni akamwonyesha supervaiza.

"Kijana wangu, hii sita ni sita ya nini?"

Yule supervaiza alikisogeza karibu na uso, akakigeuza, akainama kidogo. Ilimchukua muda. Halafu akasema, "Mathe, si imeandikwa hapo kwa kona."

"Wewe mwenyewe umeitafuta."

Hakujibiwa. Alikatwa pesa za siku mbili. Alikuwa na mtoto Form Three.

Ona vizuri kilichotokea pale. Mtu mwenye cheo, amekaa, hana haraka, ana mwanga, aliitafuta hiyo kona. Mtu aliyesimama saa nane za usiku akikimbizana na saa nyekundu alitarajiwa aione bila kutafuta. Hilo si kosa la macho ya mathe.

Na kwa wale mnafanya hizi kazi, skizeni hapa. Mimi si wakili, lakini sheria imeandikwa na mtu yeyote anaweza kuisoma. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ama kupotea ikiwa imetokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Makusudi. Kusoma vibaya herufi mbili zilizojificha kwa kona si makusudi. Kifungu hicho hicho kinasema makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Na kifungu cha 37 kinasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kufikia mwezi mmoja hafai kuendelea kuhesabiwa kama mtu wa siku moja moja. Wengi wetu tunajua maneno yote ya ngoma mpya lakini hizi namba tatu, 19, 37 na 2007, hatuzijui.

Mjapani mmoja na neno "mjinga"

Hili wazo la kwamba kosa linazuiwa na chombo, si na kelele ya bosi, si langu. Ni la zamani kuliko wazazi wangu. Miaka ya 1960 huko Japani kulikuwa na injinia anaitwa Shigeo Shingo, alifanya kazi sana na Toyota. Alifunza viwanda kutengeneza vifaa ambavyo ukitaka kukosea, kifaa chenyewe kinakataa. Kipande kinaingia upande mmoja tu. Ukisahau springi, sahani inabaki na springi na kila mtu anaiona.

Mwanzoni hiyo mbinu iliitwa baka-yoke, maana yake kuzuia mjinga. Wafanyakazi waliumia kuitwa wajinga, na Shingo akabadilisha jina likawa poka-yoke, kuzuia kosa la bahati mbaya. Mimi naona hiyo silabi moja iliyobadilika ndiyo dizaini yote. Ukianza na wazo kwamba mfanyakazi ni mjinga, utachora skrini ya kumchunga. Ukianza na wazo kwamba ni mtu mzima aliyechoka anayejua kazi yake, utachora skrini ya kumsaidia.

Na msiniambie hiyo ni ya Wajapani. Nyinyi nyote mmetumia poka-yoke leo asubuhi. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ulikuwa unatuma pesa kwa namba. Ukikosea tarakimu moja, pesa ya rent imeenda kwa mtu wa Kakamega usiyemjua, na sasa uanze kumpigia simu ukimwita ndugu. Ingekuwa rahisi kusema Wakenya wajifunze kusoma namba. Badala yake Safaricom ililetea watu Hakikisha, ile inakuonyesha jina la unayemtumia kabla mambo hayajaisha. Na ukikosea bado, ule ujumbe unauelekeza kwa 456 uombe kurudishiwa.

Hizo ni kanuni mbili. Onyesha mtu kitu anachokitambua kabla hajathibitisha. Mpe njia ya kurudi nyuma. Kama tunaweza kuzipata tukitumia shamba boy mia mbili ya kukata nyasi, kwa nini mtu anayebeba mali ya milioni hana?

Ng'ombe hana msimbo

Kuna kitu huku Kajiado tunakipita kila siku bila kujifunza. Nenda soko la mifugo la Ilbisil siku ya soko. Mzee wa Kimaasai ana ng'ombe wengi wamechanganyika na wa wengine. Hatembei na orodha. Anaangalia rangi, madoa, umbo la pembe, alama ya sikio, na anajua nani hayupo. Hajahesabu, ametambua.

Wataalamu wa dizaini wana kanuni ya hii. Jakob Nielsen aliiweka kwenye zile kanuni zake kumi maarufu za 1994: afadhali mtu atambue kuliko akumbuke. Macho ya binadamu ni makali kwa rangi na umbo, ni dhaifu kwa kusoma "C-14-03-B" mara mia tatu kwa usiku. Yule mzee wa Ilbisil angeishia kulala njaa kama ng'ombe wake wangekuwa herufi nane na nukta tatu.

Ningeichora hivi

Nilipokuwa bado kule nilinunua daftari la kurasa 48 na nikaanza kuchora. Break ya chai nilikuwa napitisha karatasi kwa wenzangu nawauliza, "Ukiona hii, utachukua nini?" Wakisita, nachora tena. Hakuna kompyuta, hakuna programu. Hivi ndivyo ilivyoishia, na inaweza kukaa kwenye simu ya kawaida ya Android.

Katikati, picha ya bidhaa. Kubwa. Picha ya pakiti vile inavyokaa kwa rafu, si tangazo.

Chini ya picha, kile kinachotofautisha, peke yake: KILO 1. Jina la kampuni linaweza kukatwa, uzito hapana.

Idadi inaandikwa na kipimo chake kwa neno zima na kwa saizi moja: PAKITI 6, ama BELI 6. Na beli ina mchoro wake, pakiti ina mchoro wake. Kama idadi ni ya ajabu kwa duka hilo, skrini iulize kabla mtu hajafunga: "Beli 6 ni pakiti 72. Ni sawa?" Hiyo ni Hakikisha yetu.

Mistari ipangwe kufuata njia za godauni, kutoka A kwenda H, mara moja, bila kurudi. Hii ni hesabu ndogo ambayo simu yako inafanya ikikupangia njia ya kwenda town.

Mahali paandikwe kwa neno na rangi: njia C ya bluu, na ile njia yenyewe ipakwe rangi hiyo hiyo kwa nguzo. Rangi pekee haitoshi, kwa sababu wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, kwa hivyo herufi ibaki kubwa.

Sawa ilie mara moja, kifupi. Kosa lilie mara tatu na kifaa kitetemeke mkononi. Mtu ajue bila kuangalia.

Vitufe viwe na upana wa kidole chenye gloves. Viwe chini, ambapo kidole gumba kinafika.

Maneno yote kwa Kiswahili cha kazi: "Rafu ni tupu", "Imepasuka", "Sioni", "Nisaidie". Anayetaka Kiingereza abadilishe. Na "Rafu ni tupu" ikibonyezwa, mstari huo unawekwa kando, taarifa inaenda kwa mtu wa stoo, na kazi inaendelea. Hakuna anayesubiri nywila ya mtu.

Mwisho, kitufe cha "Rudisha". Umekosea, unarudi hatua moja, bila kesi.

Hapo hakuna kitu cha ajabu. Bakodi ya kwanza ya bidhaa ya dukani iliskaniwa tarehe 26 Juni 1974, Troy, jimbo la Ohio, kwenye pakiti ya chingamu ya Wrigley's. Zaidi ya miaka hamsini mashine inajua ni kitu gani kimepita mbele yake. Kwa hivyo iachiwe mashine kukagua, na binadamu aachiwe kuona na kubeba.

Ile saa nyekundu

Sasa kuna wale watasema, poa, weka picha, lakini saa ibaki. Hapa ndipo tunakosana.

Saa inayohesabu kurudi nyuma mbele ya uso wa mtu haiharakishi miguu. Inamfanya mtu asiangalie mara ya pili. Na mbaya zaidi, kwetu hakuna aliyejua hiyo saa inapimwa vipi. Dakika mbili kwa mstari, awe anabeba tishu ama ndoo ya mafuta ya lita 20? Nani aliamua?

California ilishalionea hili. Walipitisha sheria inaitwa AB 701 mwaka 2021, ikaanza kutumika 1 Januari 2022. Inasema maghala makubwa yamweleze mfanyakazi kwa maandishi kiwango cha kazi anachotakiwa kufikia, na yasimwekee kiwango kinachomnyima kula, kupumzika ama kwenda choo. Hebu fikiria imebidi sheria iandikwe ndio mtu aende choo.

Sisi hatuna sheria kama hiyo ya maghala, lakini hatuko uchi kabisa. Sheria ya Kulinda Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutowekewa uamuzi mzito unaomgusa ambao umefanywa na mashine peke yake. Kama sistemu inakutoa kwenye orodha ya zamu za kesho kwa sababu ya namba, bila binadamu kuangalia, hiyo ni mada ya hicho kifungu.

Pendekezo langu ni rahisi. Namba zangu za kazi nizione mimi kwanza. Mwisho wa zamu kifaa kinionyeshe nimepiki mistari mingapi, nimetembea wapi sana, nimekosea wapi. Nione kama nilivyoona mbio zangu kwenye app ya mazoezi. Mtu akijiona anajirekebisha. Mtu akichunguzwa anajificha.

Majibu kwa mabosi

Nimeongea haya na mkubwa mmoja wa stoo, na alikuwa na hoja tatu. Nitazijibu kwa heshima kwa sababu si mtu mbaya.

Alisema sistemu imenunuliwa nje na haibadiliki. Si kweli kabisa. Ile sehemu inayoweka hesabu za mali ni ngumu kuigusa, sawa, iachwe. Lakini uso wake, kile mtu anaona, mara nyingi unaweza kujengwa pembeni ukazungumza na hiyo sistemu. Na hata kabla ya kodi moja kuandikwa, panga orodha kwa njia za godauni, paka nguzo rangi, badilisha "BL" iwe "BELI". Rangi inauzwa hardware.

Alisema ukiwapa wafanyakazi kitufe cha "Rafu ni tupu" wataiba. Mkubwa, mwizi haibi kwa kutumia kitufe kinachoandika jina lake na saa. Mwizi anapenda giza. Sai ndio kuna giza, kwa sababu kila rafu tupu inafichwa na kitu kinachofanana, na hesabu ya mwisho wa mwezi haielewi chochote.

Alisema haya yote ni bure kwa sababu roboti zinakuja. Amazon ilinunua kampuni ya roboti za maghala, Kiva, mwaka 2012 kwa dola milioni 775. Leo bado ina wafanyakazi zaidi ya milioni moja. Kama tajiri yule bado anahitaji mikono ya watu, godauni yenye paa la mabati hapa Athi River itaihitaji kwa muda mrefu. Afadhali tuiheshimu hiyo mikono.

Kwa hivyo?

Kwa mabosi: kabla mnunue skana mpya, mpeni yule aliyechora sistemu gloves na troli apiki zamu moja ya usiku. Moja tu. Na makato ya oda zilizoharibika yasimamishwe mpaka skrini irekebishwe, kwa sababu hamwezi kumtoza mtu faini ya mtego mliomwekea.

Kwa serikali ya Kaunti ya Kajiado: vyuo vya ufundi vya vijijini viko mikononi mwenu, Jedwali la Nne la Katiba linasema hivyo. Mnafunza kuchomelea na kushona, safi sana. Ongezeni kuchora skrini za kazi. Wateja mnao ng'ambo ya barabara.

Kwa wale mnajifunza kodi pale cyber na kwenye simu zenu: dunia haihitaji app nyingine ya kuagiza chipo. Tafuta mamako, mjombako, jirani wa ploti anayerudi na miguu imevimba. Muulize skrini yake inamwonyesha nini. Chora. Mwonyeshe. Akisita, chora tena.

Na kwa nyinyi mnapiki usiku huu huku sisi tunascroll: mkiitwa asubuhi kwa sababu ya oda, msianze na samahani. Anzeni na swali la mathe. Wekeni kifaa mezani, muulize hii sita ni sita ya nini, halafu mnyamaze waitafute.